Muuguzi Anaanza kwa Nani, na Mgonjwa Afundishwe Nini Kabla ya Kurudi Kazini



Katika mikutano ya matawi husikika mara kwa mara malalamiko juu ya hospitali. Mmoja husema: "Nililazwa tangu asubuhi, nikaita na kuita, muuguzi akanipita akaenda kwa mtu aliyeletwa baada yangu. Je, huo si upendeleo?" Mwingine husema: "Nilipasuliwa, nikashonwa, nikapewa karatasi na vidonge, nikaambiwa nenda nyumbani. Hakuna aliyenieleza neno."

Malalamiko haya mawili yanafanana kwa sura, lakini hayana uzito mmoja. La kwanza mara nyingi hutokana na kutojua jinsi kazi ya wodi inavyopangwa. La pili ni lalamiko la haki, nalo latuhusu sana sisi tunaokula kwa nguvu za mikono yetu. Makala haya yanaeleza yote mawili, kwa upande wa watu wazima wanaolazwa katika wodi za magonjwa ya kawaida na za upasuaji.

KAZI YA MUUGUZI NI NINI?

Wengi hudhani kwamba muuguzi ni mtu wa kupiga sindano na kutandika vitanda, basi. Mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilichapisha kijitabu cha Virginia Henderson, muuguzi na mwalimu wa wauguzi kutoka Marekani. Maelezo yake, kwa ufupi, ni kwamba muuguzi humsaidia mtu katika yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa: kupumua, kula, kwenda haja, kulala, kujisafisha na mengineyo. Tena humsaidia kwa namna itakayomwezesha kujitegemea mapema iwezekanavyo.

Tazameni maneno hayo matatu: nguvu, nia na maarifa. Dawa na chakula hurudisha nguvu. Maneno mema hurudisha nia. Lakini maarifa hayaingii kwa sindano. Huingia kwa kufundishwa. Kwa hiyo kumfundisha mgonjwa si hisani ya muuguzi mwenye moyo mwema. Ni sehemu ya kazi yake, sawa na kufunga kidonda.

NANI ATANGULIE?

Tuchukue mfano wa wodi ya wanaume, saa nane za usiku. Kuna muuguzi mmoja na msaidizi mmoja. Watu watano wanamhitaji kwa wakati mmoja:

1. Mkata miwa aliyejikata muundi kwa panga siku tatu zilizopita. Bandeji yake imelowa kidogo, anataka abadilishiwe.

2. Mpakizi wa magunia aliyepasuliwa ngiri jana mchana. Kidonda kinamwuma, naye anaita kwa sauti kubwa.

3. Mlinzi wa kiwanda mwenye kisukari, anayedungwa insulini. Hakula chakula cha jioni. Sasa anatoka jasho, anatetemeka, na maneno yake hayaeleweki sawasawa.

4. Mchuma chai mwenye kichomi. Ameketi akiinama mbele, anahema mara 34 kwa dakika, wala hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika pumzi.

5. Fundi wa mitambo aliyepasuliwa tumbo jioni ile ile. Amelala kimya. Ngozi yake ni baridi na ina jasho, moyo unapiga mara 124 kwa dakika, na presha imeshuka hadi 85 kwa 50.

Asiyejua atasema muuguzi aanze na mpakizi, kwa kuwa ndiye anayeita kuliko wote. Au atasema aanze na mkata miwa, kwa kuwa ndiye aliyelazwa kwanza. Lakini foleni ya wodi si foleni ya mshahara. Hapa hatangulii aliyefika mapema, hutangulia aliye karibu na hatari. Wauguzi wamefundishwa kufuata utaratibu huu: njia ya hewa kwanza, kisha pumzi, kisha mzunguko wa damu. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika katika dakika chache tu, na ukiharibika hakuna dawa ya kuurudisha.

Basi muuguzi huanza kwa mchuma chai. Anamkalisha wima, anampa oksijeni, na papo hapo anamtuma msaidizi amwite daktari kwa ajili ya mchuma chai na fundi pia. Kazi hii ni ya dakika moja au mbili. Kisha anamwendea fundi. Ukimya wake, ubaridi wa ngozi, moyo kwenda mbio na presha kushuka ni dalili kwamba huenda damu inavuja ndani. Analazwa chali, miguu inainuliwa, maji ya mshipani yanaongezwa, kidonda kinaangaliwa, damu ya kuongezewa inaulizwa. Yawezekana akarudishwa chumba cha upasuaji usiku huo huo.

Msaidizi akirudi tu, anashughulikiwa mlinzi, naye hangoji. Sukari ya damu ikishuka chini ya miligramu 70 katika kila mililita 100 za damu, ubongo hukosa chakula chake. Ikiwa bado aweza kumeza, anakorogewa vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha anapimwa tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, asitiwe kitu chochote kinywani. Sukari atapewa kwa mshipa.

Wa nne ni mpakizi. Maumivu si mchezo. Mtu mwenye maumivu makali havuti pumzi ya kutosha, hakohoi, hataki kuinuka kitandani, na hayo yote huleta madhara mengine. Dawa ya maumivu ni haki yake. Lakini maumivu ya kidonda siku ya kwanza ni jambo linalotazamiwa. Kama mpakizi huyo huyo angesema kwamba maumivu ni mapya, yamekuja ghafla, na tumbo limekuwa gumu kama ubao, angeruka foleni mara moja. Wa mwisho ni mkata miwa. Bandeji yake itabadilishwa, ila kungoja kwake saa moja hakumwui.

Hapa kuna jambo ambalo kila mtu anayemwuguza jamaa yake hospitalini yafaa alishike: anayepiga kelele walau ana pumzi ya kupigia kelele. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyekuwa akisema, kisha akanyamaza.

NAMBA ZA KUKUMBUKA

Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Joto la mwili ni kama digrii 36.5 hadi 37.5. Presha ikipimwa mara kadhaa, siku mbalimbali, na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana ugonjwa wa presha. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo, akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, ni ishara kwamba mafigo hayapati damu ya kutosha. Ndiyo maana muuguzi anahesabu, anapima na kuandika hata usiku mtu alalapo. Asiudhike mtu kwa kuamshwa. Namba ya saa nne ikilinganishwa na namba ya saa nane ndiyo inayomwambia muuguzi kama hali inapanda au inashuka.

Ndugu anayekaa karibu na kitanda aite muuguzi bila kuona haya akiona mojawapo ya haya: mgonjwa ahema kwa shida, damu inalowesha bandeji upesi, mgonjwa amechanganyikiwa au haamki vizuri, kifua kimeanza kuuma, ngozi imekuwa baridi yenye jasho. Aseme kwa maneno machache: nani, nini kimebadilika, na tangu saa ngapi.

JAMBO LINALOACHWA KWANZA

Sasa turudi kwenye lalamiko la pili. Katika usiku ule tulioutaja, hakuna hata mgonjwa mmoja kati ya wale watano aliyefundishwa kitu. Na muuguzi alifanya sawa. Huwezi kumfundisha mtu utunzaji wa kidonda huku jirani yake akikata roho. Taabu ni kwamba asubuhi wodi ina wagonjwa arobaini, na mchana wanaletwa wengine. Kila siku kuna jambo la haraka zaidi. Mafundisho husukumwa hadi kesho, na kesho mgonjwa amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Hapana mtu aliyekata shauri kumnyima maarifa. Yamepotea tu njiani, kwa sababu wauguzi ni wachache na saa hazitoshi.

Anayelipa gharama ni mfanyakazi. Mpakizi anarudi kwenye magunia wiki ya pili kwa kuwa hajui, au kwa kuwa nyapara hajui, na ngiri inafumuka tena. Mlinzi anadunga insulini kisha anakwenda zamu ya usiku bila chakula. Mwenye presha anaacha vidonge kwa kuwa hasikii maumivu, kisha anaanguka mbele ya mashine, upande mmoja umepooza. Hawa wote walitibiwa. Waliporudi majumbani, nusu ya tiba ilibaki hospitalini.

NAMNA NZURI YA KUFUNDISHA

Mafundisho hayafanywi mlangoni wakati gari linangoja. Huanza siku ya kwanza, kidogo kidogo. Muuguzi mwenye ujuzi hufundisha huku mikono yake inafanya kazi. Anapobadilisha bandeji husema: "Ndugu, tazama. Hii nyekundu kidogo pembeni ni kawaida. Ikienea, ikawa moto, ikatoa usaha, rudi upesi." Hapo hajapoteza hata dakika moja.

Mtu mwenye maumivu, njaa au hofu hasikii. Kwa hiyo kwanza maumivu yatulizwe, kisha mafundisho. Tena mambo yawe mawili au matatu kwa wakati mmoja, yale ya hatari yakitangulia.

Lugha nayo ni jambo kubwa. Katika mashamba yetu wamo watu wa kabila nyingi, na wengine wamevuka mipaka kutafuta kazi. Mtu ataitikia "ndiyo, ndiyo" kwa heshima, kumbe hakuelewa. Kwa sababu hiyo muuguzi hamwulizi, "Umeelewa?" Humwambia: "Hebu nieleze mimi, ukifika nyumbani utafanyaje?" Mgonjwa akieleza kwa maneno yake mwenyewe, kosa huonekana na kusahihishwa pale pale. Ikiwa ni kazi ya mkono, kama kujidunga sindano, basi aifanye mwenyewe huku muuguzi anatazama. Asiyejua kusoma achorewe jua kwa kidonge cha asubuhi na mwezi kwa kidonge cha usiku. Naye mkewe, au yeyote atakayempikia na kumsafisha, aitwe asikilize pia.

Jambo moja zaidi: mgonjwa apewe sababu, si amri tupu. Kwa mfano, kabla ya kupasuliwa mtu huambiwa asile kwa saa 6 na asinywe hata maji kwa saa 2, au kadiri daktari atakavyosema. Asipoambiwa sababu, jamaa zake watamwonea huruma na kumletea uji kwa siri. Akiambiwa kwamba chini ya nusukaputi aweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni na kumwua, atakataa uji huo yeye mwenyewe.

MAMBO MANNE YA KUJUA

Aliyepasuliwa ngiri. Anapokohoa, akandamize kidonda kwa kiganja au mto mdogo. Avute pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho, na ainuke atembee siku ile ile au siku ya pili, kama daktari ameruhusu. Mtu anayelala tu mapafu yake hujaa makohozi, na damu huganda katika mishipa ya miguu. Ikiwa muundi mmoja umevimba na kuuma, au pumzi imekatika ghafla, arudi hospitali mara moja. Ale mboga na matunda na anywe maji ya kutosha ili asijikamue chooni. Mizigo mizito asiinue kwa muda wa wiki 4 hadi 6, au kama daktari wake alivyoagiza. Na yule mwenye ngiri ambaye bado hajapasuliwa ajue hivi: uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, naye akaanza kutapika, hiyo ni hatari ya siku hiyo hiyo, si ya kungoja mwisho wa mwezi.

Mwenye kisukari. Akidungwa insulini, asikose chakula. Anayefanya kazi za zamu amwambie daktari saa zake za kazi, ili sindano na chakula vipangwe pamoja. Mfukoni awe na sukari au peremende, na mwenzake wa karibu kazini ajue hali yake. Chupa ya insulini isikae juani wala isigande kwa barafu. Asiye na jokofu aiweke katika kichupa kilichofungwa vizuri, ndani ya chungu cha udongo kinacholoweshwa maji kivulini. Na miguu aitazame kila siku jioni, hata nyayo. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, mtu akatembea kutwa na jiwe ndani ya buti la mpira asijue, mpaka kidonda kimeoza na mguu ukakatwa. Kabla ya kuvaa buti, alikung'ute na kutia mkono ndani.

Mwenye presha. Ugonjwa huu aghalabu hauumi. Kwa hiyo kutosikia maumivu si dalili ya kupona. Namba zikiwa nzuri, ni vidonge vinavyofanya kazi, si sababu ya kuviacha. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja kidogo, yaani gramu 5, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi.

Mwenye kidonda cha panga, jembe au mashine. Aulize kama amepata sindano ya kuzuia pepopunda. Bandeji iwe safi na kavu, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla na baada ya kuigusa. Asipake mavi ya ng'ombe, majivu wala mafuta ya gari. Joto likifika digrii 38, kidonda kikitoa harufu, au wekundu ukienea, arudi.

MASWALI SITA KABLA YA KUTOKA

Yafaa kila mwanachama ayajue maswali haya kwa moyo, na asiondoke wodini kabla ya kupata majibu:

1. Nimepatwa na ugonjwa gani, na nimefanyiwa nini?

2. Dawa hizi ni za nini, nitumie kiasi gani, saa zipi, kwa siku ngapi?

3. Kidonda changu, chakula changu na kuoga kwangu vitakuwaje?

4. Kazi gani nisifanye, na mpaka tarehe gani?

5. Dalili zipi zikitokea nirudi bila kungoja?

6. Nirudi lini kuangaliwa, na kwa nani?

Kumwuliza muuguzi si utovu wa adabu. Tena kumrahisishia kazi, kwa maana huenda alitaka kukueleza akavutwa na jambo jingine. Mwambie tu: "Sista, naona una kazi nyingi. Nina maswali sita, nifundishe ukipata nafasi kabla sijaondoka."

KAZI YA TAWI

Swali la nne haliwezi kujibiwa na hospitali peke yake. Daktari aweza kuandika kwamba mtu asiinue mizigo kwa wiki 6, lakini ikiwa mshahara ni wa kutwa au wa kilo, tumbo litamrudisha kwenye magunia. Maarifa bila nafasi ya kuyatumia ni kama panga bila mpini. Hapa ndipo chama kinapohitajika. Mjumbe wa tawi ahakikishe mambo matatu: mgonjwa ametoka na barua inayotaja kazi asizoweza na tarehe ya mwisho, barua hiyo imefika kwa msimamizi na kwa zahanati ya shamba au kiwanda, na mwenzetu amepewa kazi nyepesi au likizo ya ugonjwa kama mkataba na sheria ya nchi zinavyosema. Pale mkataba usiposema kitu, jambo hili litiwe katika madai ya mazungumzo yajayo na mwajiri.

Tukumbuke pia kwamba wauguzi nao ni wafanyakazi. Mwaka 1977 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 149 juu ya wauguzi, unaotaka wapewe mafunzo, mshahara na hali za kazi zitakazowavuta watu katika kazi hiyo na kuwafanya wabaki. Kabla yake, Mkataba namba 110 wa mwaka 1958, ulio juu ya mashamba makubwa, ulitia ndani huduma za matibabu kwa wafanyakazi wa mashamba na jamaa zao. Mikataba hii huifunga nchi iliyoiridhia, lakini hata pengine yafaa kuwa kipimo cha madai.

Wauguzi wanapodai waongezwe watu katika wodi, wasionekane kwamba wanajitafutia raha. Muuguzi mmoja kwa vitanda arobaini ataweza, kwa bahati njema, kuwazuia watu wasife usiku huo. Hataweza kumfundisha hata mmoja jinsi ya kuishi baada ya hapo. Dai lao ni dai letu, kwa maana sisi ndio tunaolala katika vitanda hivyo, na sisi ndio tunaorudi kazini na mishono mwilini.